Sheria za ufalme usiokuwepo: kitabu cha sheria hujengwaje?

Watu wanaobuni falme, wawe waandishi wa riwaya, watengenezaji wa michezo ya kompyuta au mashabiki tu wanaojifurahisha, huanza na ramani. Baada ya ramani huja nasaba ya wafalme, bendera, dini na orodha ya vita. Sheria huja mwisho, tena kwa haraka: mwizi akatwe mkono, msaliti anyongwe, asiyelipa kodi atupwe gerezani. Vifungu kumi vya ukali mtupu, na kazi imekwisha. Msomaji huvipita bila kuviamini, hata kama hawezi kusema kinachomkera ni nini.

Kinachomkera ni kwamba sheria hizo hazina historia. Hakuna mtu aliyeketi akawaza maovu yote yanayowezekana duniani, kisha akayapangia adhabu. Katika sheria za kale zilizotufikia, vifungu vingi vinanuka ugomvi uliowahi kutokea: kondoo waliolishwa shambani kwa mtu bila idhini, nyumba iliyomwangukia mwenyewe, mgeni aliyeonekana akikatiza msituni, mtumwa aliyetoroka akafichwa. Watu waligombana, wakachoka, na mwenye mamlaka akasema jambo hili lipate jibu moja. Kwa hiyo anayetaka kutunga sheria za ufalme wa kubuni inampasa kwanza atunge magomvi yake.

Tuchukue mfano wa kwenda nao. Tuseme kuna ufalme uliokaa pande mbili za mto mpana, na kivuko cha maana ni kimoja tu. Upande wa magharibi wanaishi wafugaji, wa mashariki wakulima, na kati yao hupita wafanyabiashara wa chumvi wanaotozwa ushuru kila wakivuka. Babu wa mfalme wa sasa alikuwa mkuu wa kivuko. Wakati wa njaa kubwa alimpindua bwana wake, akakalia kiti mwenyewe. Tuishie hapo, majina hatuyahitaji. Tunachohitaji ni kujua nani anamdai nani, na nani hapendi jambo gani likumbushwe.

Nani alitaka sheria iandikwe?

Watu hawakuishi bila sheria kabla ya kalamu. Mila ilikuwepo, wazee waliijua, na migogoro iliamuliwa. Swali ni kwa nini ifike siku mtu aseme iandikwe, kwa sababu jibu la swali hilo ndilo linaloamua kitabu kitakuwa na sura gani.

Roma, mwaka 451 na 450 KK, msukumo ulitoka chini. Mahakimu walikuwa watu wa koo kubwa, na wao ndio waliojua sheria inasemaje. Raia wa kawaida aliyepelekwa mbele yao hakuwa na pa kushikia akiona amedhulumiwa. Jopo la watu kumi likapewa kazi ya kuandika, na matokeo yake ni Vibao Kumi na Viwili vilivyowekwa hadharani. Vilikuwa vikali, hasa kwa mtu mwenye deni, lakini kila mtu alijua ukali huo unaanzia wapi na unaishia wapi.

Kwa Hammurabi wa Babeli, aliyetawala kati ya mwaka 1792 na 1750 KK hivi, mambo yalikuwa tofauti kabisa. Nguzo yake ya jiwe jeusi, yenye kimo cha zaidi ya mita 2, inaanza kwa kumsifu yeye: miungu ilimteua ili mwenye nguvu asimwonee mnyonge, akaijenga miji hii, akayatukuza mahekalu yale. Baada ya sheria zenyewe, ambazo wataalamu wa leo wamezihesabu kuwa 282, huja maneno ya kumwalika aliyedhulumiwa aje mbele ya sanamu ya mfalme asomewe, kisha laana ndefu kwa yeyote atakayefuta maandishi hayo. Karne kadhaa baadaye mfalme wa Elamu aliichukua nguzo kama nyara akaipeleka Susa, katika Iran ya leo, na sehemu ya maandishi ikafutwa. Ndiko wafukuaji Wafaransa walikoikuta mwaka 1901, na leo iko katika makumbusho ya Louvre, Paris. Laana zimebaki zinasomeka vizuri kabisa.

Justiniano naye, mfalme wa Roma ya Mashariki, alisumbuliwa na wingi. Sheria na maoni ya wanasheria yalikuwa yamerundikana kwa karne nyingi hadi yanapingana. Kuanzia mwaka 528 aliunda majopo ya kuchambua na kupunguza. Vitabu karibu 2,000 vya wanasheria vilichujwa, na mwaka 533 vikatoka vitabu 50 vya mkusanyo uitwao Digesta. Akapiga marufuku watu kuandika ufafanuzi juu yake, maana alijua fujo ya kwanza ilianzaje. Yeye mwenyewe aliendelea kutoa sheria mpya hadi akafa.

Kwa hiyo kuna kitabu kilichodaiwa na wanyonge, kitabu cha sifa za mfalme, na kitabu cha kusafisha vurugu. Cha kwanza hueleza sana utaratibu wa mashtaka. Cha pili hujaa majina ya miungu na miji. Cha tatu huwa kinene, chenye mpangilio na chenye uchovu. Mtunzi achague, au achanganye akijua anachanganya nini. Katika ufalme wetu wa mtoni, mfalme wa sasa ni mjukuu wa mnyang'anyi. Naamini utangulizi wake utakuwa mrefu kuliko inavyohitajika. Utaeleza kwamba bwana wa zamani alifunga kivuko wakati watu wanakufa kwa njaa, na kwamba kiti kilimwendea babu chenyewe. Msomaji mwenye macho atauliza kwa nini jambo lililo wazi kiasi hicho linahitaji kurasa tatu.

Bei ya kidole

Sehemu inayosema mengi kuliko zote katika sheria za kale ni orodha ya fidia, na bahati mbaya ndiyo watunzi huiruka wakidhani inachosha.

Mfalme Æthelberht wa Kent, kusini mashariki mwa Uingereza, aliandikisha sheria zake karibu mwaka 600. Humo kila kiungo cha mwili kina bei. Aliyemkata mwenzake kidole gumba alilipa shilingi 20, ukucha wake 3. Kidole cha shahada 9, cha kati 4, cha pete 6, na kidole cha mwisho 11. Ndiyo, kidole kidogo kuliko vyote kinafuata gumba kwa thamani. Mtu anayebuni kwa akili yake tupu angepanga bei zishuke vizuri kutoka kikubwa hadi kidogo, na hapo ndipo angeharibu. Sheria halisi ina makunyanzi kama haya, kwa kuwa ilitoka kwenye mapatano ya watu.

Kifungu cha kwanza kabisa cha Æthelberht kinahusu mali ya kanisa: mwizi arudishe mara 12. Mali ya askofu, mara 11. Mali ya mfalme mwenyewe, akiibiwa na mtu huru, mara 9. Mfalme aliyetoka kuupokea Ukristo aliruhusu askofu amtangulie katika kitabu chake mwenyewe. Mistari michache tu, na tayari umejua nani ameingia ikulu hivi karibuni na amekaribishwa kwa heshima gani.

Sheria za Hammurabi ziligawanya watu kwa daraja. Muungwana akimtoboa jicho muungwana mwenzake, naye hutobolewa. Akimtoboa mtu wa daraja la chini, hulipa mina moja ya fedha, kipimo cha kale cha uzani. Akimtoboa mtumwa wa mtu, hulipa nusu ya bei ya mtumwa huyo, na anayelipwa ni bwana wake. Watu hupenda kuikumbuka sheria ya jicho kwa jicho kama sheria ya ukali. Ukiisoma yote utaona ukali huo ulikuwa heshima waliyopeana waungwana. Jicho la wengine lilikuwa na bei.

Wala usidhani dunia ilianza na visasi ikaendelea kuelekea faini. Sheria za Ur-Namu, mfalme wa Uru, mji wa kale wa Iraki ya leo, zimezitangulia za Hammurabi kwa miaka 300 hivi, na katika majeraha ya mwili zinatoza fedha. China ya nasaba ya Tang, ambayo mkusanyo wake wa vifungu 502 ulitolewa pamoja na ufafanuzi rasmi mwaka 653, ilipima kwa ukoo: kumpiga kaka mkubwa ni kosa zito kuliko kumpiga mtu baki, ilhali kaka mkubwa akimpiga mdogo hali ni nyingine kabisa. Kila jamii ina mizani yake, na mtunzi akiteua mizani ameshateua nusu ya hadithi.

Wahiti, waliotawala nchi iliyo Uturuki ya leo, walifanya jambo ninalolipenda kuliko yote haya. Sheria zao zilirekebishwa, na marekebisho yakaandikwa ndani ya kifungu chenyewe. Mtu akimpofusha mtu huru au kumng'oa jino, zamani walitoza shekeli 40 za fedha. Sasa atoe 20. Zamani hivi, sasa hivi. Kwa maneno mawili tu kitabu kinakuwa na umri. Msomaji anajua kuna kizazi kilichoishi chini ya sheria nyingine, na kwamba huenda bado kuna mzee anayenung'unika kuwa siku hizi meno ya watu yamekuwa rahisi.

Rudi mtoni sasa. Bei zitalipwa kwa nini? Mfugaji atalipa kwa ng'ombe, mkulima kwa nafaka, na mwenye chumvi kwa chumvi. Maana yake mtu lazima aandike ng'ombe mmoja ni sawa na vipimo vingapi vya mtama, na siku ya ukame uwiano huo utakuwa dhuluma. Mkono wa nani una thamani kubwa? Katika nchi hii ningesema mkono wa mpiga kasia, uzidi hata wa mwenye mali, kwa sababu ufalme mzima unaishi juu ya makasia, na kwa sababu babu yake mfalme alikuwa mkuu wao. Mnyama je? Sheria za Wales, zinazonasibishwa na mfalme Hywel Dda aliyefariki karibu mwaka 950 ingawa maandishi yaliyobaki ni ya karne ya 13, zinataja hata bei ya paka: peni moja kabla hajafumbua macho, mbili hadi aanze kuua panya, nne baada ya hapo. Kitabu hichohicho kinaanza na mfalme, malkia na watumishi wa ikulu. Hakuna aliyeona aibu kuwaweka jalada moja.

Bila polisi

Hapa ndipo falme nyingi za kubuni huvunjika. Sheria inasema mwizi afungwe. Nani atamkamata? Atafungwa wapi, na nani atamlisha? Jela kama adhabu ya miaka kadhaa ni ghali. Inataka majengo, walinzi na hesabu. Falme nyingi za kale zilikuwa na mahali pa kumshikilia mtu akingoja hukumu, lakini hukumu yenyewe ilikuwa malipo, kipigo, kufukuzwa, utumwa au kifo. Polisi kama tunaowajua hawakuwepo. Aliyeibiwa ndiye aliyemtafuta mwizi wake.

Ndiyo maana Vibao vya Roma havianzi na mauaji wala uhaini. Vinaanza na mwito. Mtu akiitwa mbele ya hakimu, aende. Asipokwenda, aliyemwita ashuhudize watu, kisha amkamate. Kama ni mgonjwa au mzee, apewe mnyama wa kumbeba, ila si lazima atandikiwe gari. Hilo la gari linachekesha, lakini ni dalili kwamba mtu fulani aliwahi kukataa kwenda barazani mpaka atandikiwe, na kesi ikakwama kwa mto wa kukalia.

Vifungu vya kwanza vya Hammurabi navyo vinamhusu mshitaki. Ukimtuhumu mtu kwa mauaji ukashindwa kuthibitisha, unauawa wewe. Ukimtuhumu kwa uchawi, mtuhumiwa huenda mtoni. Mto ukimchukua, wewe unarithi nyumba yake. Akitoka salama, unauawa na yeye anachukua nyumba yako. Kabla ya kuwaza kuhusu wahalifu, mfalme alikuwa anawazia wazushi. Mahali penye tuhuma rahisi hapatawaliki.

Na mwizi asiyepatikana? Sheria ya Babeli ilisema aliyeporwa aape mbele ya mungu na kutaja alichopoteza, kisha mji na mkuu wa eneo ambamo uporaji umetokea wamlipe. Aliyeuawa, ndugu zake walipwe mina moja ya fedha. Fikiria maana yake kwa mkuu wa eneo: usalama wa barabara ukawa unatoka mfukoni mwake. Hapakuhitajika kikosi cha mfalme kila kona.

Kwa Ine, mfalme wa Wessex, kusini mwa Uingereza, mwishoni mwa karne ya 7, usalama ulitafutwa kwa njia nyingine. Mgeni akitembea msituni nje ya njia, bila kupiga kelele wala kupuliza pembe, ahesabiwe mwizi. Kent waliandika karibu jambo hilohilo zama hizo. Ni kifungu kifupi, lakini kinakupa giza la msitu, woga wa kijiji na sauti ya pembe ya msafiri anayetaka kuishi.

Halafu kuna ugumu mkubwa kuliko wote: mdaiwa akiwa mkubwa. Utamvuta vipi mtu mwenye walinzi? Ireland ya kale ilikuwa na utaratibu wake. Mdai alikwenda mlangoni pa mkubwa, akaketi pale, akafunga kula. Mkubwa huyo alitakiwa aweke dhamana kwamba atashughulikia dai. Akimpuuza aliyefunga mlangoni pake, heshima yake ilianguka, wala yeye mwenyewe hakustahili tena kulipwa anachodai kwa wengine. Mfumo mzima ulisimama juu ya aibu, nao ulisimama kwa karne nyingi. Mtunzi anayedhani sheria bila upanga haiwezekani auangalie tena.

Ufalme wetu una silaha ya bei nafuu kuliko jela, na ningeitumia bila huruma: kunyimwa kivuko. Mfugaji asiyelipa fidia havushwi. Ng'ombe wake hawafiki sokoni, binti yake haolewi ng'ambo, na mwezi wa ukame hafiki malishoni. Hatafutwi wala hafungwi. Anakaa kwake mpaka achoke. Bila shaka watatokea watu wenye mitumbwi ya siri, na kifungu cha mitumbwi ya siri kitafuata, kikali kuliko cha mauaji. Msomaji ataona sheria inayomwadhibu mwenye mtumbwi kuliko muuaji, atashangaa, kisha ataelewa nchi ile inaendeshwa na nini.

Mfalme yuko ndani ya kitabu au juu yake?

Digesta ina sentensi mbili maarufu kuhusu hili: kwamba linalompendeza mtawala lina nguvu ya sheria, na kwamba mtawala hafungwi na sheria. Wafalme wengi wa Ulaya walizikariri kwa furaha. Denmark ilikwenda mbali zaidi mwaka 1665, ikaandika sheria ya kifalme iliyomweka mfalme juu ya sheria zote za kibinadamu. Isipokuwa hiyo yenyewe. Hakuruhusiwa kuibadilisha, kuigawanya nchi wala kuacha imani ya Kilutheri. Hati hiyo haikuchapishwa kwa umma mpaka 1709, na hadi leo nashangaa kwamba mamlaka isiyo na mipaka ilihitaji karatasi, tena karatasi iliyofichwa kwa miaka zaidi ya 40.

Upande wa pili kuna Magna Carta ya Uingereza, Juni 1215. Mabwana walimlazimisha mfalme John akubali kwamba 25 kati yao wangeweza kunyakua ngome na ardhi yake endapo angevunja ahadi. Kabla ya mwaka kwisha Papa alikuwa ameibatilisha na vita vimeanza. Kifungu cha kumbana mfalme ni rahisi kuandika; kazi ni kumpata atakayekitekeleza siku mfalme akikataa.

Lakini jambo linalomhusu mfalme kuliko haki ni urithi. Sheria za Lerotholi za Basutoland, Lesotho ya leo, zilizoandikwa mwaka 1903, zinaweka mwanzoni kabisa nani arithi uchifu: mzaliwa wa kwanza wa kiume wa mke wa kwanza. Kanuni inayonasibishwa na Sultani Mehmed wa Pili wa Waothmani, karne ya 15, inamruhusu mwana anayeshika dola kuwaua ndugu zake ili nchi itulie. Zote zinajibu hofu ileile, kwa namna ambazo zisingeweza kutofautiana zaidi. Ufaransa walikwenda kuchimbua. Sheria ya Wafranki wa Kisalia, iliyoandikwa mwanzoni mwa karne ya 6, ilikuwa na kifungu cha mashamba kinachomnyima mwanamke urithi wa ardhi fulani. Katika karne ya 14 na 15 wanasheria wa mfalme walikiinua kifungu hicho cha mashamba wakakifanya hoja ya kumzuia mwanamke, na hata mtoto wa binti, kukalia kiti cha enzi. Hili ni zawadi kwa mtunzi. Weka jambo dogo kwenye kitabu, liache lilale vizazi kumi, kisha aje mtu mwenye njaa ya madaraka alisome upya.

Penye kimya

Prussia, dola ya Kijerumani, mwaka 1794 walijaribu kuandika kila kitu. Sheria yao kuu ilikuwa na aya zaidi ya 19,000, kwa matumaini kwamba hakimu asiwe na cha kufikiri. Miaka 10 baadaye Ufaransa ya Napoleon ikatoa sheria ya kiraia yenye vifungu 2,281 tu, na kifungu cha 4 kinasema hakimu anayekataa kuhukumu kwa kisingizio kwamba sheria imenyamaza anaweza kushtakiwa. Waandishi wake walikubali mapema kwamba kitabu kitanyamaza mahali.

Kitabu cha kubuni nacho kinyamaze. Kinakiliwe vibaya pia, kwa sababu kabla ya uchapaji hakuna nakala mbili zilizofanana. Iceland, ambako awali msemaji wa sheria alikariri theluthi moja ya sheria kila kiangazi mbele ya baraza kuu, waliandika sheria zao kuanzia mwaka 1117, na haikuchukua muda wakahitaji kanuni ya nini kifanyike vitabu vikitofautiana: vifuatwe vya maaskofu, navyo vikitofautiana, kifuatwe kinachoeleza kwa urefu zaidi, vikilingana urefu, basi kile cha Skálholt, makao ya askofu.

Pengine kitabu si cha nchi hiyo hata kidogo. Fetha Nagast, yaani sheria ya wafalme, ilikusanywa kwa Kiarabu na mwanachuoni wa Kikopti huko Misri katika karne ya 13, ikatafsiriwa kwa Kigeezi, lugha ya kale ya Ethiopia, na Ethiopia ikaiheshimu kama chimbuko la sheria hadi ilipoandika sheria za kisasa katika karne ya 20. Wakati huohuo vijijini mila iliendelea na kazi zake. Hata Babeli, maelfu ya vibao vya mikataba na kesi vimepatikana, na ni nadra mno kukuta hakimu akiitaja ile nguzo kama msingi wa hukumu yake. Ikiwa ufalme wako una kitabu kizuri ikulu na wazee wanaoamua kwa mila mtoni, usione ni kasoro ya kuziba.

Basi tuupime ufalme wetu kwa kesi moja. Kifungu kimoja kinasema: chochote kilichomo chomboni ni dhima ya mkuu wa kivuko hadi kiguse nchi kavu. Kingine: mnyama akidhuru mtu, mwenye mnyama hulipa. Cha tatu: hakuna amshtakiye mfalme, na kivuko ni mali ya mfalme. Siku moja dume la mfugaji linashtuka katikati ya mto, linamsukuma mfanyabiashara majini pamoja na magunia yake ya chumvi. Mtu anaokolewa. Chumvi inayeyuka.

Mfugaji anasema alishalipa nauli, ng'ombe alikuwa mikononi mwa kivuko. Mkuu wa kivuko anasema dume ni dume, na isitoshe kumdai yeye ni kumdai mfalme. Mfanyabiashara hawezi hata kuthibitisha magunia yalikuwa mangapi, na katika nchi ile mtu wa kupita hana ndugu wa kuapa pamoja naye. Kinachombakia ni kukaa mlangoni pa ikulu asile, na wafanyabiashara wenzake wageuze misafara yao hadi ajibiwe. Bila chumvi hakuna ushuru. Mfalme anaweza kuvumilia wiki ngapi? Mzee wa baraza atakayemshauri ni lazima apate jibu litakalomlipa mgeni bila kukiri kwamba mfalme ameshindwa kesi. Nadhani ataliandika hivi, na karani ataliingiza pembeni ya kifungu cha zamani kwa wino tofauti: zamani mwenye dume alilipa chumvi yote iliyozama. Sasa alipe nusu, na nusu itoke katika ushuru wa siku ile, kwa ukarimu wa mfalme. Na ng'ombe wasivushwe pamoja na chumvi.